Korona, Manamba na Reli: Tunayoyakosea Kuhusu Vijiji vya Mkonge Lindi

Watu wengi wa Lindi wana babu aliyepitia kwenye mkonge: kukata, kusukuma toroli, kuanika singa, yaani nyuzi za mkonge. Habari za Kikwetu na mashamba mengine tumezipokea barazani, na nyingine zimepinda njiani. Zipo zilizopinda kiasi cha kuwavunjia heshima wazee wetu, ndiyo maana naandika.

"Mkonge ni mmea wetu wa asili." Asili yake ni Meksiko. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na iliyosalimika hadi kupandwa Pangani ni 62 tu.

"Kijiji kilikuwepo, kinu kikakifuata." Kwa vijiji vya mkonge, mara nyingi ni kinyume chake. Jani likishakatwa halisubiri. Likikauka, singa hazitoki vizuri. Halafu katika kilo 100 za majani unapata kama kilo 4 tu za singa, yaliyobaki ni maji na makapi. Nani asafirishe mzigo wa namna hiyo mbali? Kwa hiyo kinu, yaani mashine ya kutoa singa, kilijengwa shambani, karibu na maji ya kuoshea, na kando yake nyaya za kuanikia, chumba cha kusugulia singa kwa brashi na kambi za wafanyakazi. Kambi zikawa mitaa, zikawa na makaburi na ngoma zake. Mashine yenyewe wazee waliiita korona, kutokana na Corona, mashine ya Kijerumani ya Krupp.

"Manamba walikuwa watumwa." Hapa naomba tutulie kidogo. Mzee akisema "tulikuwa kama watumwa", anasema kweli yake. Mjukuu akiliondoa neno "kama", historia inaharibika. Utumwa ulipigwa marufuku Tanganyika mwaka 1922. Manamba alikuwa mtu wa mkataba, aliyeandikishwa kwa namba. Ndipo jina lilipotoka. Alipewa kipande, yaani kadi ya kazi, cha siku 30 za kazi, azitimize ndani ya siku 42. Siku asiyomaliza kazi aliyopangiwa, haikuhesabiwa.

Lakini tusikimbilie kusema basi alikuwa huru. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha ilikuwa shambani. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilifanya kuacha kazi kabla ya mkataba kuisha kuwa kosa la jinai. Kodi ilimsukuma, mkataba ukamshika. Hata hivyo alilipwa, na mkataba ukiisha aliweza kurudi kwao. Kumwita mtumwa ni kumnyang'anya hata kile kidogo alichokipigania.

"Reli ya Nachingwea ni ya Mjerumani, ya kubebea mkonge." Mashamba yalikuwa na vijireli vyake vya matoroli, nadhani ndiko kosa lilikoanzia. Reli kubwa ilijengwa na Mwingereza kwa ajili ya mpango wake wa kulima karanga, ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Ilianzia Mkwaya, baadaye ikafikishwa Mtwara kwenye bandari ya maji marefu iliyofunguliwa 1954. Ilifungwa 1962, vyuma vikang'olewa.

"Azimio la Arusha ndilo lililoua mkonge." Mashamba mengi yalitaifishwa 1967, na uendeshaji baada ya hapo ulikuwa na makosa yake. Ila uzalishaji wa nchi ulifikia kilele mwaka 1964, zaidi ya tani 200,000, na bei ikaanza kuporomoka hapo hapo, kwa kuwa kamba za plastiki zilishaingia sokoni. Ugonjwa ulianza kabla ya Azimio.

"Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma waliletwa tu, hawakujua siasa." Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana bado inasemwa pamoja na lile jina la dharau, "Mawia". Wengi walivuka mto kwa miguu yao wenyewe, wakikimbia kazi za lazima za Mreno aliyetawala Msumbiji na, kuanzia 1938, kilimo cha pamba cha kushurutishwa. Kwenye kambi za mkonge walikutana, wakazungumza, wakaanzisha vyama vyao. MANU, chama chenye wafuasi wengi miongoni mwa Wamakonde waliofanya kazi Tanganyika, kilikuwa kimojawapo cha vyama 3 vilivyoungana Dar es Salaam Juni 1962 na kuzaa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji. Ndani ya muongo huo huo, wapiganaji wa FRELIMO walikuwa wakifanya mazoezi Nachingwea, ile ile ya karanga.