Kibete cheupe na mwangaza wake unaopanda na kushuka

Kibete cheupe ni kiini cha nyota iliyokwisha fueli. Nyota ya wastani kama Jua, ikishamaliza hidrojeni na heli ya katikati yake, huvimba, humwaga matabaka ya nje angani, kisha linabaki bonge la kaboni na oksijeni. Bonge hilo lina ukubwa unaokaribia ule wa Dunia, lakini limebeba masi ya nusu ya Jua au zaidi, kiasi kwamba kijiko kimoja cha chai cha maada yake kina uzito wa tani kadhaa. Ndani yake hakuna tena kinachoungua. Kinang'aa kwa joto lililobaki tu, kama kaa lililotolewa mekoni, na kitapoa taratibu kwa mabilioni ya miaka.

Kitu cha namna hiyo ungekitarajia kitulie, na vingi vimetulia kweli. Darubini ya anga ya Hubble husawazisha vipimo vyake vya mwanga kwa kutumia vibete vyeupe vitatu, G191-B2B, GD 71 na GD 153, kwa sababu mwangaza wao hauyumbi. Lakini vingine vinayumba. Tunaposema kibete cheupe kinabadilika mwangaza, tunamaanisha kwamba mwanga unaotufikia unaongezeka na kupungua kwa sababu iliyoko kwenye nyota yenyewe au kwenye kitu kilicho karibu nayo. Kumetameta kwa nyota tunakokuona kila usiku hakumo katika maana hii. Kule ni kazi ya hewa ya Dunia inayochezacheza mbele ya macho yetu.

Kutenganisha mambo hayo mawili ndiyo nusu ya kazi nzima, kwa hiyo tuanzie hapo. Hakuna kibete cheupe kinachoonekana kwa macho matupu. Mwangalizi hufunga kamera kwenye darubini, akapiga picha moja baada ya nyingine, kila moja ikikusanya mwanga kwa sekunde 10 hivi, kwa saa nyingi mfululizo. Katika kila picha hapimi kibete peke yake. Hupima pia nyota nyingine tulivu iliyo jirani nacho kwenye picha ileile, kisha hugawanya namba ya kwanza kwa ya pili. Tuseme kibete kimetoa 4,000 na jirani 20,000: jibu ni 0.20. Wingu jembamba likipita, kibete kinashuka hadi 3,000 na jirani hadi 15,000, jibu bado ni 0.20. Nyota zote mbili zimefifia ila uwiano wao haujagusika, maana wingu haliibii mmoja likamwacha mwenzake. Sasa picha zinazofuata zikisoma 0.20, 0.21, 0.22, halafu zikarudi 0.21, 0.20, 0.19, na mchezo huo ukajirudia dakika chache baadaye, hapo ni kibete chenyewe kinachosema. Vitone vile kwenye skrini vinajipanga kuwa wimbi, kimoja baada ya kingine, usiku uleule unaoutazama. Sijui jambo jingine katika astronomia linalojionyesha waziwazi kwa haraka hivyo. Nyota nyingi huhitaji miezi au miaka kuonyesha kwamba zimebadilika.

Wa kwanza kukamata wimbi la aina hii alikuwa Arlo Landolt wa Marekani, alipokitazama HL Tau 76, kibete kilicho katika kundinyota la Ng'ombe, mwaka 1965 na 1966. Mwangaza ulikuwa ukipanda na kushuka kila baada ya dakika 12.5 hivi. Alipochapisha habari hiyo mwaka 1968 alileta fumbo. Kibete cheupe kimebanwa mno, na kama kingekuwa kinavimba na kunywea kizima kama puto, pigo moja lingechukua sekunde chache tu. Dakika 12 zilitoka wapi?

Jibu ni kwamba hakivimbi. Graviti kwenye uso wake inaishinda ya Dunia mara zaidi ya 100,000, na maada inayojaribu kupanda huvutwa chini papo hapo. Njia rahisi iliyobaki ni kwenda pembeni. Fikiria maji ya beseni lililotikiswa, yanavyokwenda upande huu na kurudi upande ule. Ndivyo matabaka ya kibete yanavyosukumana kwa ulalo, na uso wake unagawanyika kuwa mabaka yaliyopata joto kidogo zaidi na mabaka yaliyopoa kidogo, yakibadilishana zamu. Umbo halibadiliki kwa kiasi cha kupimika. Kinachotufikia ni mabadiliko ya joto, nayo huwa madogo: asilimia chache za mwangaza, mara nyingine chini ya asilimia moja, na kwa vile vinavyotikisika sana hufika 30 hivi.

Si kila kibete hufanya hivyo, wala si kwa umri wowote. Kibete chenye ngozi ya hidrojeni huanza kupigapiga kinapopoa hadi joto la kelvini 12,000 hivi, maana hapo hidrojeni ya juu hufikia hali ya kushika joto linalotoka ndani na kuliachia kwa mafungu. Kikiendelea kupoa, hunyamaza. Kwa hiyo kupigapiga si kasoro ya nyota chache, ni hatua ya maisha. Mwanaastronomia Don Winget na wenzake walijiuliza: kama hidrojeni inafanya hivi, heli nayo itashindwaje kufanya hivyo kwenye joto la juu zaidi? Walikokotoa, wakaenda kutafuta, na mwaka 1982 wakakipata GD 358, kibete chenye ngozi ya heli kinachopigapiga kama walivyobashiri. Aina nyingine za nyota badilifu zilionekana kwanza zikaelezwa baadaye. Hii ilianzia kwenye karatasi.

Faida ya yote haya ni moja kubwa. Hatuwezi kuona ndani ya nyota, lakini mitetemo yake inapita humo. Wanajiolojia wanaijua Dunia ya ndani kwa mawimbi ya matetemeko, na huku ni vivyo hivyo: kibete kimoja hupiga mapigo mengi kwa pamoja, kila pigo likifika kina chake, na muda wa kila moja unabeba habari za masi, unene wa matabaka na kasi ya kujizungusha.

Shida ni kwamba kunakucha. Ukiwa unahesabu mapigo ya ngoma, ukatoka nje kwa muda wa saa kumi na nne, ukirudi hujui yamepigwa mangapi ulipokuwa hupo, na mapigo yakiwa mengi yaliyokaribiana hesabu inaharibika kabisa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Texas wakiongozwa na Ed Nather walitafuta dawa: mtandao wa vituo vilivyotapakaa kuizunguka Dunia, Jua likichomoza kwa mmoja, mwingine ameshaanza. Waliuita Darubini ya Dunia Nzima, na kampeni yake ya kwanza ilikuwa mwaka 1988. Mwaka uliofuata walikifuatilia PG 1159-035, wakakusanya saa 264 za vipimo na kutambua mapigo zaidi ya 100. Kutokana na mwanga tu, walisema masi yake ni 0.59 ya Jua na kwamba kinajizungusha mara moja kila siku 1.38. Siku hizi darubini za angani kama TESS hazijui usiku wala mchana, lakini zile za ardhini bado zina kazi, hasa kwa vibete hafifu.

Kuna kimoja ambacho napenda kukirudia, G117-B15A. Kinapiga kila sekunde 215, na kimepimwa tangu miaka ya 1970. Muda wa pigo lake unarefuka polepole mno hata itapita mamilioni ya miaka kabla haujaongezeka sekunde moja. Urefukaji huo ni kupoa kwenyewe, umepimwa moja kwa moja, na wanafizikia huutumia kuchunguza kama kuna chembe zisizojulikana zinazoiba joto ndani ya nyota.

Mabadiliko mengine yanatoka kwa majirani. U Geminorum, iliyogunduliwa na John Russell Hind mwaka 1855, hunyonya gesi ya nyota mwenzake na kulipuka kwa mwanga takriban kila siku 100. WD 1145+017 ilionekana ikififia kila saa 4.5 hivi kwa sababu vipande vya kijisayari kilichokuwa kikisambaratika vilikuwa vikipita mbele yake. AR Scorpii ilidhaniwa kwa miaka mingi kuwa nyota badilifu ya kawaida, hadi waangalizi wasio wa kulipwa walipoitilia shaka mwaka 2015. Ikabainika ni kibete kinachozunguka kwa kasi na kumpiga mwenzake kwa miale, na mwanga unaruka kila dakika mbili pungufu kidogo.

Anayetaka kujaribu mwenyewe na azingatie saa kuliko ukubwa wa darubini. Kwanza, Dunia inapozunguka Jua hutusogeza karibu na nyota au mbali nayo, na mwanga unaweza kuwahi au kuchelewa hadi dakika 8 na zaidi ukilinganisha na Jua, kwa hiyo nyakati zote hurekebishwa kana kwamba mwangalizi amesimama katikati ya mfumo wa Jua. Pili, tofauti zinazotafutwa ni ndogo. J0651 ni vibete viwili vinavyozungukana kila dakika 12.75 na kufunikana kila mzunguko. Kati ya mwaka 2011 na 2012 waangalizi waliona vikifunikana sekunde 6 kabla ya wakati uliotarajiwa, maana vinakaribiana huku vikipoteza nishati kwa mawimbi ya graviti. Saa ya kompyuta iliyoachwa bila kusawazishwa ingeweza kukosea zaidi ya hizo sekunde 6.