Kriketi ya Daraja la Kwanza Si Sifa ya Mchezaji
Wengi wanaposoma kwamba Samuel Beckett, mwandishi wa Ireland aliyetunukiwa Nobeli ya Fasihi mwaka 1969, alicheza kriketi ya daraja la kwanza, hudhani alikuwa bingwa. Sivyo. Daraja hilo ni hadhi ya mechi yenyewe, ambayo hupangwa kwa siku tatu au zaidi, kati ya timu zinazotambuliwa rasmi, kila moja ikiwa na wachezaji 11 na zamu mbili za kupiga. Beckett, ambaye kwa maoni yangu anastahili kukumbukwa jinsi alivyokuwa hasa, alicheza mechi mbili tu, mwaka 1925 na 1926, akiichezea timu ya Chuo Kikuu cha Dublin dhidi ya Northamptonshire, timu ya kaunti ya Uingereza, akapata mikimbio (alama za mpigaji) 35 katika zamu nne, bila wiketi hata moja, yaani bila kumtoa mpigaji yeyote wa timu pinzani.