Je, wajua kwa nini washonaji wa kwilti hutazama mgongo kwanza?

Ukienda kwenye maonyesho ya kwilti, yale matandiko mazito ya kushonwa kwa tabaka, hapa Nairobi, utawatambua washonaji upesi. Sisi wengine tunasimama hatua tatu nyuma, simu mkononi, tukistaajabia rangi. Wao wanamtafuta mama aliyevaa glavu nyeupe na kumwambia, "Hebu tugeuzie kidogo." Mama anainua pembe ya kwilti, na vichwa vyote vinainama kutazama upande ambao kwangu mimi haukuwa na kitu, kitambaa cha rangi moja tu. Mara ya kwanza, katika ukumbi mmoja Westlands, nilidhani wanatafuta bei.

Kwilti, ambayo kamusi zetu huiita mfarishi, ina tabaka tatu. Juu ni uso: vipande vya kitenge, leso au hata mashati ya Gikomba vilivyokatwa na kuunganishwa. Katikati ni pamba, chini ni mgongo. Kuunganisha viraka peke yake hakujakupa kwilti. Kwilti inapatikana sindano inapozipitia tabaka zote tatu, ikizama na kuibuka kutoka ukingo hadi ukingo.

Mishono yote hiyo ya nini? Aliyewahi kulalia godoro la pamba au la sufi anajua. Fundi alipitisha sindano ndefu toka juu hadi chini, akafunga fundo, akasogea, akafunga jingine. Pasipo mafundo yale, pamba ingekimbilia pembeni nawe ukalala bondeni. Kwilti ina shida iyo hiyo, tena zaidi, kwa kuwa hufuliwa: pamba isiyoshikwa ikilowa hujikusanya madonge. Zamani mistari ya mishono ilibidi ikaribiane sana, inchi moja au mbili. Siku hizi pamba nyingine huchomwachomwa sindano kiwandani hadi nyuzi zake zikashikana, na pakiti zake huruhusu nafasi ya hata inchi 8 au 10. Kwa hiyo yale maua na mawimbi yaliyoshonwa juu ya viraka, kazi yake ya kwanza ni kuifunga pamba isihame.

Lakini urembo nao haukuchelewa. Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, kuna kwilti iliyoshonwa Sicily katika karne ya 14, yenye hadithi ya Tristan, shujaa wa masimulizi ya kale ya Ulaya. Haitegemei viraka vya rangi hata kidogo. Ni kitani, na wapiganaji, farasi na mashua vimechorwa kwa uzi, kisha vikatunishwa kwa pamba. Mshono ndio picha yenyewe.

Sasa turudi mgongoni. Uso wa kitenge ni msiri mkubwa. Mshono uliopinda katikati ya ua jekundu nani atauona? Kitambaa cha rangi moja hakifichi kitu. Aliyeshona kwa mkono anaweza kuwa na mishono iliyolingana kama punje za mchele upande wa juu, kumbe nyuma mmoja ni mrefu, mwingine umegusa kidogo tu, wa tatu haukufika. Kwa cherehani, uzi wa juu ukilegea, vitanzi hutokea nyuma. Na mtu akiwa na haraka wakati wa kupiga bandi, yaani kuzishikiza tabaka kwa muda kabla ya kushona, asiutandaze mgongo ukanyooka, mikunjo hushonewa humo humo na haitoki tena ila kwa kufumua.

Fundo nalo? Hulioni. Mshonaji huuvuta uzi ghafla, kidogo tu, fundo likapenya kitambaa na kunasa ndani ya pamba. Nilimwomba mama wa glavu anionyeshe moja. Akacheka: "Ukiliona, basi nimeshindwa."

Hizo glavu nazo si maringo. Mikono ina jasho na mafuta, na mguso wa mtu mmoja si neno, lakini mikono ya ukumbi mzima ni habari nyingine. Doa halitaonekana leo. Kitambaa huja kugeuka manjano baadaye.

Juu mgongoni hushonewa mfuko mrefu wa kupitishia fimbo, uzito ugawanyike badala ya kuning'inia kwenye pembe mbili. Chini huwa na kibandiko cha kitambaa: jina la aliyeshona, mwaka, mji. Nilisoma vibandiko hivyo kuliko nilivyotazama kwilti zenyewe, nakiri.

Vyama vya washonaji vina desturi nyingine ambayo Mkenya ataielewa bila kufundishwa. Kila mwanachama hushona kipande kimoja cha mraba kwa saizi waliyokubaliana, na vyote huenda kwa mmoja wao, mwezi ujao kwa mwingine. Ni mzunguko, ila badala ya pesa unapokea viraka vya marafiki, na usipopima vizuri ile robo inchi inayoachwa ukingoni kwa ajili ya mshono, kipande chako kitamsumbua mwenzio.

Mama wa glavu alinipa kazi ya nyumbani: ninunue kitenge, nikifue kabla ya kukata, kwa kuwa hupungua na rangi huchuja. Nilikiloweka Jumamosi. Beseni likageuka buluu, na fulana nyeupe niliyoisahau humo ikageuka nayo.