Mhusika wa katuni huanza kuishi anaposikika

Kazi yangu ni kubuni sauti za filamu za katuni, na picha ikifika mezani kwangu huwa bubu kabisa. Kwenye filamu ya waigizaji wa kawaida, maikrofoni hunasa chochote kile: kiti kinachosogezwa, nguo inayosuguana, mtu anayevuta pumzi. Kwenye katuni hakuna hata kimoja. Kila mlio lazima mtu auamue, na kila uamuzi unasema jambo kuhusu mhusika, hata kabla hajafungua kinywa.

Chukua hatua moja tu ya mguu. Mna kisigino kinachogota sakafu, unyayo unaolala, vidole vinavyojisukuma, kisha suruali inayosuguana. Nikitaka jitu, narekodi hatua halafu naipunguza kasi. Ikipigwa kwa nusu ya kasi, mlio hushuka oktavu moja, yaani huwa mzito zaidi, na kurefuka mara mbili, na sikio linakubali papo hapo kwamba hapa pana mwili mkubwa. Lakini uzito si tabia. Mzee aliyefiwa na mzee aliyelewa madaraka wanaweza kuwa na kilo zilezile. Wa kwanza naburuta kisigino chake. Wa pili nakiacha kigote barabara, halafu nachelewesha vidole kidogo, kana kwamba sakafu ni mali yake.

Vifaa vyenyewe ni vya kawaida. Mabawa ya ndege mara nyingi ni glavu za ngozi zinazopigwapigwa hewani, na theluji ni wanga wa mahindi uliofungwa mfukoni na kuminywa.

Niliwahi kupewa mhusika mdogo, mwoga, asiyesema neno filamu nzima. Wiki nzima nilimrundikia milio ya kuchekesha: filimbi, kengele, springi. Mwongozaji akasikiliza, akaniambia anasikika kama mwanasesere. Alikuwa na haki, na iliniuma. Nikafuta karibu yote. Nikabakiza pumzi fupi ya puani, niliyoirekodi mwenyewe karibu sana na maikrofoni, nikaiweka fremu 6, yaani picha sita mojamoja za filamu, kabla ya kila tendo. Kwa filamu ya fremu 24 kwa sekunde, hiyo ni robo sekunde tu. Mkono haujagusa kitasa cha mlango, pumzi imeshasikika. Tulipoitazama tena, chumba kizima kilikuwa kinamwonea huruma. Mtazamaji alikuwa anamsikia akijikaza, na anayejikaza ana nafsi.

Ndiyo sababu namrudia mara kwa mara roboti WALL-E wa filamu ya mwaka 2008. Ben Burtt, aliyebuni sauti zake, alitumia jenereta ya kuzungushwa kwa mkono kupata mlio wa mwendo wake. Angeweza kuchukua mota yoyote. Ila mota huvuma vilevile muda wote, wakati mkono wa binadamu husita, huongeza nguvu, huchoka, na kusita huko kunapenya hadi kwenye mlio. Mimi naona roboti yule anapendwa kwa sababu hiyo kuliko hata macho yake.

Kwa hiyo picha mpya ikifika, kompyuta naiacha ikiwa imezimwa kwanza. Natazama mara kadhaa, kisha natembea studio kwenda na kurudi kama mhusika anavyotembea, mabega yake, magoti yake, hadi nijue anapumua wapi. Hapo ndipo nawasha maikrofoni.