Bagamoyo kwa macho ya filamu ya kimya

Ukiiambia programu ya akili unde "filamu ya zamani, yenye mikwaruzo", utaletewa picha ya kisasa iliyopakwa ukahawia. Mikwaruzo haina uzito huo. Filamu za kawaida za miaka ya 1910 hazikuona wekundu. Zilinasa zaidi bluu, na kijani kiasi. Ndiyo sababu mbingu zake ni nyeupe pe, na midomo myekundu ya waigizaji huonekana myeusi.

Kwa hiyo agiza kwanza picha ya Bagamoyo yenye rangi, utakayoigeuza kuwa nyeusi na nyeupe baadaye: uwiano wa 4:3, kamera iliyotulia, watu waonekane kuanzia kichwani hadi miguuni, jua la asubuhi likitokea baharini. Maneno "filamu ya kimya" yaache kabisa, maana huleta makofia na barabara za Ulaya hata ukiomba Ngome Kongwe. Jahazi lieleze: mlingoti ulioinamia mbele, tanga la pembetatu. Usipoeleza, utapata meli ya maharamia.

Hifadhi kwa PNG, aina ya faili isiyopunguza ubora. JPEG hubana rangi, na chaneli ya bluu (sehemu ya picha inayobeba mwanga wa bluu), ambayo ndiyo utakayoitegemea, hutoka na vigaevigae. Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, fungua kichanganya chaneli cha rangi moja (Mono Mixer): nyekundu 0, kijani 0.35, bluu 0.65. Kanga nyekundu itageuka nyeusi, kanzu itang'aa, na mstari wa bahari na mbingu utafifia. Uache ufifie.

Kazi ngumu ni nyuso. Ngozi nyeusi huakisi wekundu zaidi kuliko bluu, basi sura huzama gizani. Kurudisha nyekundu kwenye mchanganyiko ni dawa mbovu, kwani mbingu hugeuka kijivu na kazi yote imeharibika. Rekebisha agizo: mtu akae barazani, kwenye kivuli kilicho wazi, mbele yake ukuta wa chokaa. Kivuli cha namna hiyo huangazwa na mbingu, na mwanga wake una bluu tele.

Punguza picha iwe pikseli 1440 kwa 1080, ndipo utie punje, zile chembechembe za filamu. Ukiikuza baadaye, punje huvimba. Juu yake weka tabaka la rangi katika hali ya kuzidisha (Multiply): kaharabu kwa mchana, bluu kwa usiku. Sehemu nyeupe zipate rangi, nyeusi ibaki nyeusi. Kama weusi umegeuka kahawia, hali ya tabaka siyo.

Mikwaruzo miwili inatosha, tena ya wima, kwa kuwa mkanda ulipita kamerani kwa wima. Vumbi la kwenye negativu, yaani mkanda wa kamerani wenye mwanga na giza vilivyogeuzwa, hutokea jeupe. La kwenye nakala ya kuonyeshwa, jeusi.