RTX 3060 ya kompyuta mpakato: uliza wati kabla ya kulipa

Wahariri wa video na vijana wa gemu wananiuliza swali moja kuliko mengine yote: "Fundi, hii ina RTX 3060, niichukue?" RTX 3060 ni kadi ya picha ya NVIDIA, nami huwauliza: ya wati ngapi? Wengi hawana jibu, na si kosa lao. Karatasi iliyobandikwa kwenye mashine dukani imetaja jina la kadi, RAM na ukubwa wa diski, basi. Wati hazimo. Lakini kwenye kompyuta mpakato, wati ndizo zinazoamua kadi hiyo itakufanyia nini, na jina peke yake linaweza kukupotosha vibaya.

Tuiangalie hiyohiyo 3060 ya mpakato. NVIDIA waliitangaza Januari 2021, ikiwa na viini 3,840 vya CUDA, yaani vitengo vidogo vya kukokotoa. Ile ya kompyuta ya mezani yenye jina hilohilo ilitangazwa mwezi huohuo na kuingia sokoni Februari, ikiwa na viini 3,584. Ukiishia hapo utaapa kwamba ya mpakato ina nguvu zaidi, na nimeona wauzaji wakiitumia hesabu hiyo kumshawishi mteja. Sasa soma mistari inayofuata. Kadi ya mezani imeruhusiwa kula wati 170 na mapigo yake, yaani kasi ya chipu, hupanda hadi megahezi 1,777. Ya mpakato imepewa nafasi ya kuanzia wati 60 hadi 115, na mapigo yake ya juu yanaanzia megahezi 1,283 hadi 1,703. Viini vipo vya kutosha, ila havipewi umeme wa kukimbia.

Nani anapanga kama yako itakuwa ya 60 au ya 115? Ni kampuni iliyounda kompyuta. Inatazama unene wa bodi, feni zilizoingia, mabomba ya shaba yanayosafirisha joto, na chaja itakayouzwa nayo, kisha inaweka kikomo ndani ya programu ya kadi yenyewe. Ukishanunua, hakuna kitufe cha kawaida cha kukiondoa. Ndiyo maana mashine mbili zenye jina moja la kadi, moja nyembamba ya kubeba ofisini na nyingine nene ya gemu, hazitamaliza kazi kwa muda mmoja.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulikosea upande wa pili: wakishajua habari za wati, wanadhani wati mara mbili ni kasi mara mbili. Sivyo. Chipu ikitakiwa kupiga haraka zaidi, lazima iongezewe volti, na umeme unaoliwa hupanda pamoja na mapigo na pia kwa mraba wa volti. Namba za NVIDIA wenyewe zinaonyesha hivyo: kutoka wati 60 hadi 115 umeme umekaribia kuongezeka maradufu, lakini mapigo yamepanda kwa theluthi moja tu. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Usijinyime usingizi kwa tofauti ya wati 100 na 115, hutaiona kirahisi. Ila 60 au 65 kwa bei ya 115, hiyo kataa. Na ukikuta tangazo linasema wati 130 kwa kadi hii, wamejumlisha 115 na 15 za Dynamic Boost, zile ambazo kadi huazima kutoka kwa prosesa wakati prosesa haina kazi nzito. Ni za kweli, lakini ukiwa unafanya kazi inayochosha prosesa na kadi kwa pamoja, usizitegemee.

Mchezo huu wa jina moja na nguvu mbili haukuanzia kwenye 3060. Mwaka 2018 tovuti ya Notebookcheck iligundua kwamba GeForce MX150, kadi nyingine ya NVIDIA ya mpakato, ilikuwa inauzwa katika sura mbili: ya wati 25 yenye mapigo ya msingi ya takriban megahezi 1,470, na ya wati 10 yenye 937. Nje ziliandikwa sawasawa. Mwaka mmoja kabla, NVIDIA walikuwa wameleta jina la Max-Q kwa kadi za wati ndogo, na hilo walau lilimpa mnunuzi ishara. Mwaka 2021 Max-Q ikaacha kuwa sehemu ya jina la kadi. Baada ya malalamiko, watengenezaji walitakiwa waonyeshe wati na mapigo kwenye kurasa zao za bidhaa. Hatua hiyo inamsaidia anayenunua mpya mtandaoni. Anayenunua iliyotumika dukani inabidi ajipimie.

Kujipimia si kazi ngumu. Fungua NVIDIA Control Panel, kona ya chini kushoto bonyeza System Information, utafute mstari wa Maximum Graphics Power. Hicho ndicho kikomo, na Dynamic Boost imo ndani yake. Usiishie hapo, maana hiyo ni ahadi tu. Fungua dirisha jeusi la amri, andika nvidia-smi -l 2, kisha washa kazi nzito kama FurMark, programu ya kuichosha kadi, au utengenezaji wa picha za 3D (render) kwenye Blender. Jedwali litajirudia kila sekunde mbili. Tazama safu ya joto, safu ya wati na ile ya matumizi ya chipu. Mara nyingi kwenye mpakato sehemu ya kikomo itaandika N/A. Usishtuke, namba unayoitaka ni ya kushoto yake, wati zinazoliwa sasa hivi. Watu hukimbilia kusoma asilimia ya matumizi, wakiona 99 wanafurahi. Asilimia hiyo inasema tu kwamba chipu ilikuwa na kazi muda wote. Haisemi inaifanya kwa kasi gani. Kadi inaweza kuonyesha 99 huku imebanwa kwenye wati 58.

Acha kipimo kiendelee dakika 20 au zaidi. Dakika za mwanzo shaba bado ni ya baridi na kila mashine hujitutumua. Ukiona wati zinashuka kadiri joto linavyopanda, mfumo wa kupoza umeshindwa: labda feni zimejaa vumbi, labda pasta iliyo kati ya chipu na bamba la shaba imekauka. Hayo yanatibika kwa gharama ndogo, na ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei. Kumbuka pia hali yetu ya hewa. Anayepima kompyuta Ulaya kwenye chumba cha nyuzi 21 hapati matokeo ya mtu wa Dar es Salaam mwezi wa Februari, chumba kina nyuzi 32 na hakina kiyoyozi. Zile nyuzi kumi na moja huhamia kwenye chipu karibu zote.

Kumbukumbu ya video nayo ina hesabu yake. 3060 ya mpakato ina gigabaiti 6, nusu ya zile 12 za dada yake wa mezani. Njia ya data ya kumbukumbu hiyo ina upana wa biti 192, yaani baiti 24. Zidisha kwa gigabiti 14 kwa sekunde za kila biti ya upana huo, unapata gigabaiti 336 kwa sekunde. Hiyo ni kasi nzuri kabisa, mradi kazi yako inatosha ndani ya hizo 6. Ikifurika, data inaanza kwenda na kurudi kwenye RAM ya kawaida kupitia PCIe, kiunganishi cha kadi na kompyuta, na hata PCIe 4.0 ya njia 16 hupitisha takriban gigabaiti 32 kwa sekunde kwa kila upande. Ndipo mhariri wa video za 4K anaponiambia kompyuta "imeganda". Kwa mtu wa aina hiyo, au anayetaka kuendesha modeli za lugha za akili mnemba nyumbani, ningeanza kuuliza kumbukumbu kabla hata ya wati.

Mwisho, itazame chaja. Kadi hizi hazitoi nguvu zake zote kwenye betri, na mashine zilizotumika mara nyingi huuzwa na chaja isiyo yake. Ya USB-C ya wati 65 itawasha taa na betri itajaa, ila kadi itabanwa kimyakimya. Geuza chaja, soma maandishi madogo ya upande wa pato, zidisha volti kwa ampea. 20 mara 11.5 ni wati 230, hiyo inatosha. Ukipata 65 au 90, mwambie muuzaji alete chaja yake halisi kabla hamjaanza kuzungumza bei.