Kompresa ya karakana ya nyumbani: usihesabu farasi, hesabu lita

Mpwa wangu wa Malindi alinipigia simu wiki iliyopita. Amepata kibanda nyuma ya nyumba, anataka kuanza kupaka vanishi makabati, na ameona kompresa, mashine ya kubana upepo, "ya farasi tano" inauzwa kwa bei ya kutamanisha. "Ami, niichukue?" Nikamwambia asubiri kwanza. Yangu ya kwanza niliivusha kuja Lamu kwa mashua kutoka Mokowe, gati ya bara, ikapandishwa punda mpaka mtaani kwetu Langoni, na haikuweza kumaliza mlango mmoja wa kabati bila kusimama kuhema. Kuirudisha dukani ni kumlipa tena nahodha na mwenye punda. Mengi niliyoambiwa siku ile niliyalipia kwa pesa yangu, na ndiyo haya ambayo bado yanasemwa.

"Farasi nyingi ndiyo nguvu"

Nguvu ya farasi mmoja ni wati 746, kwa hivyo farasi 5 ni wati 3,730. Soketi zetu ni za volti 240 na plagi ina fyuzi ya ampea 13. Zidisha, unapata wati 3,120. Basi mashine inayochomekwa kwenye soketi ya kawaida haiwezi kufanya kazi ya farasi 5 mfululizo, hata muuzaji aape kwa mama yake. Na mota haigeuzi umeme wote kuwa kazi, sehemu inapotea kwa joto, na ile dakika ya kuwaka inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida. Farasi 2 hukaa kwa raha kwenye soketi hiyo. Farasi 3 iko ukingoni. Farasi 5 ya kweli inataka waya wake peke yake, uliovutwa na fundi wa umeme.

Cha kuuliza dukani ni lita ngapi za upepo zinatoka kwa dakika. Kibao kikiwa na herufi CFM, hizo ni futi za ujazo kwa dakika. Zidisha mara 28 upate lita. Halafu uliza tena: hizo ni lita zinazovutwa au zinazotoka? Pampu nyingi za bei nafuu huandikwa zinazovutwa, na zinazotoka ni kama thuluthi mbili tu. Mashine iliyoandikwa 200 ukipata 140 shukuru.

"Chukua tangi kubwa, utapaka siku nzima"

Hili ndilo lililonipata mimi. Fikiria birika la chooni katika nyumba zetu za zamani, lile ambalo wazee walitia samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Birika likiwa kubwa utaoga kwa starehe, lakini maji hayaongezwi na birika, yanaongezwa na mchotaji. Akiwa mchotaji ni mtoto mwenye kindoo, birika litakauka tu, tofauti ni saa ngapi.

Kwa hesabu: tangi la lita 50 limejaa hadi baa 8 (baa ni kipimo cha presha). Bunduki ya kupulizia rangi itafanya kazi mpaka presha ishuke karibu baa 3. Hapo umetumia baa 5, mara lita 50, sawa na lita 250 za upepo. Bunduki kubwa ya HVLP, ile ya upepo mwingi kwa presha ndogo, hunywa lita 280 hadi 340 kwa dakika. Pampu yako inaleta 140. Kila dakika una deni la lita 140 au zaidi, na zile 250 hazifiki dakika 2. Ukinunua tangi la lita 100 kwa pampu ileile, utafika dakika 3 na nusu hivi, kisha utasubiri mara mbili lijae, huku vanishi inakauka ubaoni na kuacha mpaka. Juu ya hayo, pampu hizi ndogo hazikuumbwa kukimbia bila kupumzika. Ukiilazimisha inakuwa moto hadi vilainishi vinaungua.

Lakini kama kazi yako ni bunduki ya misumari midogo, tangi la lita 24 linatosha kabisa. Msumari mmoja unatumia kama lita moja tu. Kujaza upepo baiskeli na tuktuk, vilevile. Mashine ya msasa ya upepo ndiyo mlafi wa wote, haishibi. Kwa karakana ya nyumbani nunua ya umeme na usahau.

"Tangi ni chuma, maji yataingilia wapi?"

Yanaingia na hewa yenyewe. Hapa pwani, joto likiwa nyuzi 30 na hewa imelowa kama inavyolowa Lamu, kila mita ya ujazo ya hewa hubeba gramu 24 hivi za maji. Ukiibana hadi baa 8 ikapoa, inaweza kushika gramu 3 au 4 tu; nyingine zote zinaanguka kama jasho. Pampu ya lita 140 ikifanya kazi saa moja inameza mita 8 za ujazo. Hesabu mwenyewe: zaidi ya gramu 150, kikombe kizima cha chai, ndani ya tangi.

Maji hayo yakifika kwenye bunduki, vanishi inatoka na vidoti na ukungu mweupe. Kichujio cha maji watu hukifunga palepale kwenye tangi, wakati upepo bado una moto na maji bado ni mvuke, kwa hivyo yanapita. Kiweke mita kadhaa mbali, upepo ukishapoa. Na kila jioni fungua kijifereji cha chini ya tangi, hata kama ulitumia dakika 10.

Usipofanya hivyo tangi linaoza kwa ndani, mahali usipopaona. Siku likitoa tundu dogo, atatokea mtu akwambie lizibwe kwa welding. Tundu hilo maana yake chuma chote cha pale chini kimekuwa karatasi. Tangi likipasuka na upepo wa baa 8 ni bomu. Litupe.

Mabomba ya plastiki ya maji ya nyumbani nayo si ya upepo. Yakipasuka hurusha vipande kama vioo. Tumia mpira wa upepo, wenye tundu la milimita 10 ikiwa unapaka rangi. Ule mwembamba unaikaba bunduki.

Mengine ya harakaharaka

Oili ya gari si sawa na ya kompresa. Ya gari ina sabuni ndani yake na huacha masizi kwenye valvu. Waya mrefu mwembamba wa ekstensheni unaunguza mota, kwa hivyo urefushe mpira, usirefushe waya. Kompresa zile za kimya zisizo na oili ni kweli ziko kimya kiasi, jambo la maana ukikaa mtaa ambao ukuta wako ndio wa jirani, ila nazo hesabu lita zake uone.

Na wale wanaonisikia nina kompresa wakaja kuniuliza kama inafaa kumpelekea upepo wa kupumua mzamiaji anayevua kamba wa baharini: haifai. Upepo wake una mvuke wa oili, na ikivuta moshi wa injini unampelekea sumu mtu aliye chini ya maji.

Mpwa wangu ameiacha ile ya farasi 5. Amechukua ya farasi 2, tangi la lita 50, na bunduki ndogo inayotumia lita 130 kwa dakika, inayolingana na pampu. Makabati anapulizia. Milango mikubwa bado anapaka kwa brashi.